Telefone haibebi mfuko: koperative zetu na biashara ya mtandaoni



Mwaka juzi, kiisha mavuno ya mwezi wa kwanza, mifuko 40 ya mchele ilitoka pembeni ya Salamabila kwenda Kindu. Haikuuzwa sokoni, wala kwa mchuuzi anayepita na moto na kuwakopesha watu feza mpunga ungali majani. Iliuzwa kwa telefone. Kijana mmoja wa koperative alipiga picha, akaziweka kwenye kikundi cha WhatsApp, na siku ya tatu mnunuzi wa Kindu akajibu. Tukabishana bei kwa sauti za kurekodi, tukapatana. Wote walifurahi. Mimi agronome wenu nilifurahi kuliko wote, juu miaka mingi nilikuwa nasema kwamba siku moja mkulima wa huku atapanga bei yake mwenyewe.

Gari ilifika Kindu kiisha siku nyingi za matope. Mnunuzi akafungua mifuko, akanipigia simu: "Agronome, huu mchele si ule wa kwenye picha." Mifuko 11 ilikuwa na harufu ya unyevu na punje nyingi zimevunjika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kule. Dereva alikuwa anataka kupakua na kurudia. Mnunuzi akashusha bei ya mifuko yote 40, si ile 11 peke yake. Tungesema nini? Tukakubali.

Mama mmoja aliyekuwa na mifuko mitatu mizuri, mikavu, aliyoipepeta mwenyewe, alilipwa sawa na mwenye mchele uliooza. Alikuwa anategemea feza ile kwa masomo ya watoto wawili. Kwenye mkutano hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwaka ujao mimi nitauza peke yangu." Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo yanayoua koperative. Na kosa halikuwa la telefone. Lilikuwa letu, na langu mimi wa kwanza, kwa sababu sikupima unyevu wa mpunga kabla haujaingia mashinini.

Ndiyo maana leo nataka tuongee juu ya biashara ya mtandaoni, bila kuisifu sana na bila kuiogopa.

Mtandao kwetu ni kitu gani?

Watu wengi wakisikia "biashara ya mtandaoni" wanafikiri ni kompyuta, ofisi yenye hewa baridi, na vijana wa Kinshasa. Kwetu ni kitu kidogo zaidi. Ni simu moja yenye WhatsApp, inayopandishwa kilimani pale rezo inaposhika. Ni M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ni sauti ya dakika moja kutoka kwa ndugu aliye Kasongo ao Kindu, anayekwambia bei ya leo asubuhi. Hata simu ya vitufe, ile ndogo ya tochi, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii: kuuliza bei, kupatana, kupokea feza.

Tena tusisahau tunakotoka. Soko la Salamabila limekaa miaka mingi likitazama dhahabu. Kampuni iliyokuwa inachimba Namoya iliposimamisha kazi mwaka 2019, wengi waliona namna feza ilivyopungua mikononi. Wachimbaji wa mashimo madogo wako bado, wanakula mchele na sombe na mafuta ya ngazi kila siku, na hao ni wateja wazuri. Lakini mkulima mwenye soko moja tu ni sawa na nyumba yenye nguzo moja. Siku wachimbaji wanahamia kwenye shimo lingine, mchele unabaki. Simu inaweza kutupatia nguzo ya pili: Kasongo, Kindu, na kutoka Kindu treni inayoelekea kusini hadi Kalemie na Lubumbashi, ao mtumbwi unaoshuka Lualaba hadi Ubundu.

Inaweza. Sijasema inatosha.

Hesabu kwanza, picha baadaye

Tufanye mfano. Bei hizi nimezitunga ili tujifunze kuhesabu. Za kweli mtaziuliza wenyewe wiki ya kuuza.

Tuseme mfuko wa mchele hapa unalipwa 100.000 franka, na Kindu unalipwa 140.000. Kijana ataona 40.000 za faida na kuruka kwa furaha. Sasa tutoe gharama za kila mfuko: gari 22.000, ushuru na vizuizi vya njiani 5.000, kupakia na kupakua 2.000, kutuma na kutoa feza kwenye simu 3.000, chakula na safari ya mjumbe anayesindikiza mzigo 3.000. Jumla 35.000. Faida ya kweli ni 5.000 kwa mfuko. Kwa mifuko 40 ni 200.000 franka.

Ni faida, sikatai. Lakini angalia hapa. Kama mifuko minne tu kati ya 40 inakataliwa na kuuzwa nusu bei, tunapoteza 70.000 kwa kila mmoja, maana yake 280.000. Faida yote imekwisha, na tumeongeza hasara ya 80.000. Ingekuwa afazali kuuza hapa nyumbani.

Basi hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, bei kubwa ya mbali si faida mpaka utoe njia. Pili, faida ya kuuza mbali inakaa ndani ya ubora wa mfuko. Mtandao unakupatia mnunuzi, lakini mchele mbaya ukishafika kule, WhatsApp haiwezi kuutengeneza.

Kuna faida nyingine ya simu ambayo haihitaji hata gari. Ukijua bei ya Kasongo ya leo, mchuuzi anayekuja nyumbani kwako hawezi tena kukudanganya kwamba bei imeanguka. Utamwambia: "Papa, kule ni ngapi tunajua, toa njia yako, halafu tuongee." Mara nyingi hiyo ndiyo biashara ya mtandaoni bora kuliko zote: unauza palepale nyumbani, kwa bei iliyosimama.

Wenzetu wamepita njia hii

Kule Kenya, mwaka 2010, wasichana watatu waliojua kompyuta walianzisha M-Farm. Mkulima alituma ujumbe mfupi, akapata bei za masoko ya miji, na wakulima wadogo waliweza kujiunga ili wauze pamoja. Wazo lilikuwa hilo hilo letu: mmoja mwenye mfuko mmoja hana sauti, watu 30 wenye mifuko 60 wanasikiwa.

Mwaka 2014, Nairobi, ilizaliwa kampuni Twiga Foods. Ilianza na ndizi: ilinunua kwa wakulima, ikapokea maombi ya wachuuzi wadogo wa mjini kwa simu, ikawapelekea. Ilipata mamilioni ya dolari kutoka kwa wenye mitaji wa dunia. Lakini kazi kubwa haikuwa programu ya simu. Ilibidi kuwe vituo vya kukusanya mazao, magari, maghala, watu wa kupanga na kupima. Gharama hizo ni nzito, na mwaka 2023 kampuni ilipunguza wafanyakazi wengi. Kama wao wenye feza yote ile walihangaika na njia na ghala, sisi tusifikiri kwamba simu pekee itatubebea mzigo.

Tanzania walianzia upande mwingine, na mimi naona tunaweza kujifunza kwao zaidi. Mwaka 2005 walitunga sheria ya stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho ao ufuta kwenye chama chake cha ushirika, mzigo unafika ghalani, unapimwa uzito, unaangaliwa ubora, na karatasi inaandikwa kwamba mzigo huu uko hapa na uko hivi. Kiisha tu ndipo mnada unafanyika. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho inauzwa kwa mnada wa mtandaoni wa soko la bidhaa linaloitwa TMX: mnunuzi anaweka bei yake kutoka mbali, na mkulima anajua nani amefika juu. Kwa nini mnunuzi anakubali kununua kitu ambacho hajakigusa? Kwa sababu mtu mwingine ameshakipima na kuandika. Ghala limekuja mbele, intaneti imekuja nyuma.

Na hapa kwetu Kongo? Angalieni wakulima wa kahawa wa Kivu. Koperative kama Sopacdi ya Minova inauza kahawa yake hadi Ulaya. Katika biashara ya kahawa maongezi yanapita kwa barua za mtandaoni, lakini mnunuzi anapelekewa kwanza sampuli, anaionja, ndipo mzigo unatembea. Sampuli inaongea kabla ya mdomo.

Vitu ambavyo picha haionyeshi

Picha inaonyesha rangi. Haionyeshi unyevu, haionyeshi uzito, haionyeshi harufu. Hivyo vitatu ni kazi yetu.

Unyevu wa mpunga: ili ukae vizuri na ukobolewe vizuri, uwe karibu asilimia 14. Hatuna mashini ya kupimia, lakini tuko na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na punje za mpunga, funga, tikisa sana, ngoja kama dakika 15. Chumvi ikinatana kwenye kioo, mpunga bado mbichi, uurudishe juani. Isiponatana, uko vizuri. Lakini usiukaushe haraka mno juu ya jua kali la saa sita: punje inapasuka ndani, na mashini itaivunja. Tandaza kwenye turubai, geuza mara kwa mara.

Kuvunjika: chota mchele bila kuchagua, hesabu punje 100, tenga zilizovunjika. Fanya hivyo mara tatu, kwenye mifuko mitatu tofauti. Mwambie mnunuzi hesabu hiyo wazi. Akijua mapema kwamba 25 kati ya 100 zimevunjika, atapanga bei yake mapema, hatakushangaza gari ikishafika.

Uzito: kopo la huku si kopo la Kasongo. Ukiuza mbali, uza kwa kilo, kwa mizani iliyojaribiwa mbele ya watu. Mjue pia kwamba kilo 100 za mpunga mkavu, na mashini nzuri, zinatoa mchele wa kilo 60 hadi 65 hivi. Kama mashini inawarudishia 50, muulize mwenye mashini, ao mrudie kuangalia ukaushaji wenu.

Karanga: hizi ni za kuogopa zaidi. Karanga zilizokaa na unyevu zinaota ukungu, na ukungu ule unatoa sumu inayoharibu ini. Haionekani kwenye picha, tena haiishi kwa kukaanga. Karanga yenye ukungu isiuzwe na isiliwe, hata na kuku.

Mafuta ya ngazi: bidoni ya litri 20 ina uzito wa mafuta wa kilo 18 hivi. Ukikuta uzito mwingine wa mbali, kuna mtu ameongeza maji ao bidoni haikujaa.

Na picha yenyewe? Ipigwe mchana, nje ya nyumba. Mchele kwenye sahani nyeupe, pembeni karatasi yenye tarehe na jina la koperative, na picha ya pili ya mfuko juu ya mizani. Usipige mfuko mzuri peke yake. Chota kwenye mifuko yote, changanya, hiyo ndiyo sampuli. Gawanya pakiti mbili: moja inakwenda kwa mnunuzi na mtu wa moto, ya pili inafungwa na kubaki depo kama shahidi.

Feza: kufuli tatu

Wengi wenu muko kwenye vikundi vya akiba na mkopo, AVEC. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Hata mwenye kulaza sanduku nyumbani hawezi kulifungua peke yake. Mnalijua hilo vizuri. Basi kwa nini feza ya mifuko 40 inaingia kwenye simu ya mtu mmoja, anayejua namba ya siri yeye peke yake?

Napendekeza hivi. Koperative iwe na kadi yake ya simu, isiwe ya prezidenti wala ya kijana wa WhatsApp. Simu ikae kwa mmoja, namba ya siri kwa mwingine, daftari kwa wa tatu. Feza inatolewa wote watatu wakiwa pamoja. Si kwamba tunawafikiria kuwa wezi. Ni kwa kuwalinda wenyewe, ili siku feza ikikosekana asitupiwe lawama mtu asiye na kosa.

Tena, ujumbe mfupi si feza. Kuna watu wanaotuma ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kampuni ya simu: "Umepokea dolari 300." Mkulima anaona, anapakia mzigo, kumbe hakuna kitu. Usisome ujumbe, angalia salio. Fungua akaunti mwenyewe, na salio likiwa limepanda ndipo gari itoke. Na mtu akipiga simu kusema ametuma kwa makosa, umrudishie haraka haraka, mwambie aende kwa kampuni yake. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote, hata akijiita mkubwa wa kampuni.

Patana pia, kabla ya kitu chochote, ni franka ao ni dolari. M-Pesa ya kwetu inabeba zote mbili. Kiwango cha kubadilisha kikitembea katikati ya njia, mmoja atalia.

Jambo la mwisho hapa, na ninaliomba sana kwa wapapa. Wamama wengi wanalima mpunga na karanga kwa mikono yao, lakini simu iliyoandikwa kwenye daftari ni ya bwana. Mwenye mfuko alipwe yeye mwenyewe, mbele ya mkutano, aweke saini ao kidole. Kama hana simu, alipwe mkononi. Mama asiyeona feza ya mfuko wake hataleta mfuko mwingine.

Karatasi na sheria

Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya koperative ya mwaka 2010 inatuhusu. Koperative nyepesi inahitaji watu watano tu, ile yenye baraza la uongozi inahitaji 15, na kila mwanachama ana kura moja hata kama ameleta mifuko mingi. Koperative iliyoandikishwa ndiyo inaweza kufanya mkataba kwa jina lake. Mnunuzi mkubwa wa mbali huuliza hilo kwanza.

Tena tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuko na sheria ya mambo ya kidijitali, inayotambua maandishi na saini za kielektroniki. Kwa hiyo maongezi yenu ya WhatsApp si maneno ya upepo. Msiyafute. Mkishapatana kwa sauti, andikeni kwa maneno machache: mifuko mingapi, kilo ngapi, ubora gani, bei gani, nani analipa gari, nani anabeba hasara mzigo ukilowana njiani. Mwombeni mnunuzi ajibu "nakubali". Neno lile moja lina uzito.

Msimu uliofuata

Mnataka kujua ilikuwaje kwa wale wa mifuko 40? Mwaka uliofuata hatukutuma 40. Tulipima kila mfuko depo, kwa chumvi na kwa mizani, na jina la mwenyewe likaandikwa juu yake. Mifuko 25 ilipita. Iliyobaki iliuzwa hapahapa, na wenyewe walijua sababu, kwa maana walihesabu punje kwa mikono yao. Sampuli ilitangulia. Mnunuzi alilipa nusu mbele, tukaangalia salio, gari ikatoka. Wanachama wawili walisindikiza mzigo hadi Kindu, na nusu ya pili ililipwa kabla mfuko wa mwisho haujashuka.

Faida haikuwa ya kujenga nyumba. Lakini hakuna mfuko uliokataliwa, na aliyeleta mchele mzuri alilipwa bei ya mchele mzuri.

Na yule mama? Alifanya alivyosema, aliuza peke yake, kwa mchuuzi. Siku ya malipo alikuja, akasimama pembeni, akasikiliza majina na feza zikisomwa. Hajasema kama atarudi. Sikumuuliza. Najua hatujamlipa deni lake lote.

Kwa mkutano wenu ujao

Kabla ya mavuno, komite iweke maswali haya mbele ya wanachama wote, na majibu yaandikwe:

1. Nani anashika simu, nani namba ya siri, nani daftari?
2. Nani anauliza bei ya Kasongo na Kindu kila wiki, na anaisoma wapi ili hata asiye na simu asikie?
3. Nani anapima mifuko depo, na yuko na nguvu ya kukataa hata mfuko wa prezidenti?
4. Mfuko uliokataliwa unakwenda wapi?
5. Nani anasindikiza mzigo, na anakula kwa feza gani?

Kama swali la tatu halina jibu, musipige picha hata moja. Uzeni hapa nyumbani mwaka huu, mjifunze kupima, na mwaka ujao mtaongea na Kindu mkiwa na uhakika. Mwenye chupa, chumvi na mizani ameshaanza biashara ya mtandaoni, hata kama rezo ya leo haishiki.

Msimu mwema kwenu wote.